Meza ya Mlango Mwekundu

Mkurugenzi wa kiwanda cha milango hakuwa mtu wa maneno mengi, na hayo machache aliyatoa akiwa amesimama. Alimwita meneja wake wa mauzo ofisini, akamwambia kwamba yule mama mkandarasi anayejenga jengo refu la ofisi kule jijini amekubali kuonana nao.

"Mpeleke akale mahali pa maana," alisema. "Mahali pa vitambaa mezani. Nikisikia umemkalisha kwenye kiti cha plastiki, usirudi."

"Nitajuaje kuwa ni mahali pa maana?"

"Utajua. Utaona aibu kuingia."

Meneja huyo kiwandani walimwita Bawaba. Alikuwa mrefu kupita kiasi, na akimwamkia mtu alikunjika katikati taratibu, kisha akafunguka bila sauti, kama mlango uliotiwa mafuta. Jina walimpa mafundi wa randa tangu siku yake ya kwanza kazini, na sasa hata mkewe alilitumia akikasirika. Hakuwa mtu wa anasa. Chakula kwake kilikuwa cha aina mbili tu, kilichoiva na ambacho bado.

Alifika jijini mapema kuliko ilivyohitajika, makusudi, apate kuchunguza. Hotelini alikofikia alimwendea dada wa mapokezi.

"Naulizia mkahawa wa hadhi."

"Hadhi ya kuonekana au hadhi ya kula?"

"Kwani vina tofauti?"

Dada akamtazama kwa huruma, akamwelekeza kote kuwili.

Mkahawa wa kwanza ulikuwa juu kabisa ya ghorofa, na mlango wake wa kioo ulijifungua wenyewe, jambo ambalo Bawaba aliliona ni dharau kwa watengeneza vitasa. Ndani muziki ulivuma hata yeye na mhudumu wakawa wanaelewana kwa ishara. Aliletewa supu ya baridi. Akadhani imesahaulika jikoni, akaomba ipashwe moto. Mhudumu akaondoka nayo, akarudi na supu ile ile, baridi vile vile, pamoja na mhudumu mwenzake aliyetaka kumwona mteja.

Wa pili ulikuwa na giza. Sahani ilikuwa kubwa kama usukani wa lori, na katikati yake palikuwa na kipande cha samaki cha kutosha kuziba tundu la ufunguo. Mhudumu alisimama kando akasimulia habari za samaki huyo, wapi alivuliwa, alikuwa akila nini, na tabia zake kwa jumla. Bawaba alimsikiliza kwa heshima, mikono tumboni, kama yuko msibani. Kula kwenyewe kulikwisha upesi kuliko wasifu wa marehemu. Akatoka, akanunua ndizi njiani, akazilia kitandani huku akijisikia kama msaliti, ila hakujua amemsaliti nani.

Asubuhi yake akampigia simu mama mkandarasi, akamtajia mikahawa yote miwili ili achague.

"Huko nilishakwenda," mama akasema. "Na huko kwingine pia. Sikia, kuna mahali panaitwa Mlango Mwekundu. Tangu wafungue sijawahi kupata meza. Ukiipata kwa kesho jioni, nakuja. Usipoipata, njoo ofisini tu, lakini nitakuwa na haraka."

"Nitaipata mama," Bawaba akasema, kwa sauti ya mtu asiyejua anachoahidi.

Mlango Mwekundu ulikuwa katika mtaa mtulivu, ndani ya nyumba kuukuu ya mawe isiyo na kibao wala taa ya kuita watu. Bawaba alifika jua likielekea kuzama. Jambo la kwanza aliloliona ni kwamba mlango wenyewe haukuwa mwekundu. Ulikuwa wa mbao ngumu, kahawia ya kuelekea wekundu, haujapakwa kitu ila mafuta, na bawaba zake zilikuwa zimefichwa ndani ya fremu kwa ufundi uliomfanya asahau kilichompeleka. Akainama. Kisha akapiga goti. Akawa anapapasa ukingo wa chini kwa kidole, ndipo mlango ukafunguka polepole, na dada mmoja nadhifu akamtazama kutoka juu.

"Tukusaidie?"

"Nautazama mlango."

"Mlango hauuzwi."

"Hapana, nataka meza. Ya kesho jioni."

"Meza zimejaa mpaka mwezi ujao," dada akasema, na alikuwa tayari kuufunga mlango ule mzuri puani mwake, mara uso wake ukabadilika, akachangamka, akatazama nyuma ya Bawaba. "Aa, Mzee wetu! Karibuni, karibuni ndani."

Bawaba akageuza shingo. Ukutani, kando ya mlango, palibandikwa menyu ya siku kwa maandishi madogo kama sisimizi, na mzee mmoja wa suti ya kijivu alikuwa akiisoma kwa sauti, kutoka mbali, bila miwani, huku akisahihisha tahajia.

Alikuwa baba mkwe wake.

Ni lazima ielezwe hapa kwamba baba mkwe wa Bawaba, mkaguzi wa shule mstaafu aliyefiwa na mkewe, alikuwa jijini kwa matibabu ya macho. Alikuwa jijini kwa matibabu hayo tangu mvua za mwanzo wa mwaka. Kwa habari zilizofika nyumbani, alikuwa akishinda katika chumba chenye pazia zito, akitiwa dawa ya matone, haruhusiwi mwanga wala upepo. Mke wa Bawaba, ambaye majirani walimwita Mama Pacha, alikuwa akiamka alfajiri kuyaombea macho hayo.

Sasa macho hayo yalimtazama Bawaba. Mtu akijua atakutana na baba mkwe hujiandaa. Hunyoosha kola, hupangusa mdomo, hutafuta neno la kuanzia. Bawaba alikutwa kichwa chini na makalio yameelekea barabarani.

"Shikamoo baba," akasema. Kukunjika hakukuhitajika, alikuwa chini tayari.

"Marahaba." Mzee akaiacha menyu. "Unafanya nini hapo?"

"Natazama bawaba."

"Vizuri."

Pembeni ya mzee alisimama mama mtu mzima mwenye nywele fupi za mvi na gauni la kijani, mkono wake umepita katika kiwiko cha mzee kama uliozoea kupita hapo.

"Hunitambulishi?" mama akauliza.

"Huyu," mzee akasema, kama mtu anayekiri kosa dogo ili apone kubwa, "ni mume wa binti yangu mkubwa."

Uso wa yule mama ukachanua. "Mwanangu! Kumbe wamekutuma uje unisalimu! Na mimi nasema hawa watoto mbona kimya." Akamgeukia dada wa mlangoni. "Ongeza kiti. Tuko watatu." Kisha akamwambia Bawaba, huku akimwinua kwa mkono, "Usiogope. Mwenye mahali hapa ni mtoto wa kaka yangu."

Wakakaa. Bawaba alifundishwa mengi maishani, lakini hakuna aliyewahi kumfundisha namna ya kula mbele ya baba mkwe kwa uma tatu. Akaweka mikono mapajani. Mama akaeleza kuwa yeye ni hakimu, amestaafu, ila bado hupenda kupata maelezo kamili.

"Haya, niambie," akasema. "Mabinti walilipokeaje?"

"Walipokea nini?" Bawaba akauliza. Ndipo kiatu cha baba mkwe kikampata kwenye muundi chini ya meza, lakini kikiwa kimechelewa.

Hakimu aliweka kisu chini. Akamtazama mzee, ambaye alikuwa akitafuna mkate kwa uangalifu mkubwa, kama mtu aliyeambiwa auhesabu.

"Uliniambia umewaambia."

"Nilisema nitawaambia."

"Mimi nimeandika hukumu maisha yangu yote," hakimu akasema bila kupandisha sauti. "Tofauti ya 'nime' na 'nita' naijua."

"Nilikuwa natafuta wakati mzuri."

"Wao wanajua uko wapi?"

Mzee akaitazama chumvi. Hakimu akamgeukia Bawaba, na Bawaba, ambaye aliwahi kumdanganya mkurugenzi bila shida, akajikuta anasema kweli tupu. "Wanajua yuko kwenye chumba chenye giza, mama. Anatiwa matone."

Hakimu alikunja kitambaa chake, akakilaza mezani, akasimama. "Mimi si siri ya mtu," akasema. "Siku watoto wako watakapolijua jina langu, utanialika tena." Akaondoka kwa hatua za kawaida, akimuaga kila mhudumu aliyempita. Hilo ndilo lililomkata mzee maini zaidi, kwamba hakuwa na hasira.

Chakula cha watu watatu kikaletwa kwa watu wawili. Hakuna aliyekigusa.

Walipotoka walitembea mpaka kwenye kona, na hapo Bawaba akapiga moyo konde.

"Baba, samahani. Mimi nina mgeni kesho. Nahitaji meza pale."

"Meza ni ya yule kijana mwenye mkahawa," mzee akasema. "Na kijana anamsikiliza shangazi yake."

Wakatazamana. Lilikuwa jambo rahisi kulielewa na gumu kulisema, kwa hiyo hawakulisema.

Asubuhi Bawaba alikwenda chumbani kwa mzee, ghorofani, nyuma ya duka la vioo. Hapakuwa na pazia zito. Dirisha lilikuwa wazi kabisa, na kwenye kizingiti chake kichupa cha matone kilikuwa hakijafunguliwa. Mzee alieleza habari zenyewe akiwa ameketi wima, mikono magotini. Macho yaliuma kweli, akatibiwa kweli, yakapona upesi hata daktari akashangaa. Lakini siku moja pale kliniki, kwenye benchi la kusubiria, mama mmoja aliyefungwa bandeji jicho alimwomba amsomee gazeti. Akamsomea. Kesho yake akamsomea tena. Bandeji ikatolewa, na yeye akaendelea kusoma.

"Ndiyo hivyo," mzee akasema. "Piga simu. Mpigie mkeo."

"Mimi?"

"Wewe piga. Mimi nitasema."

Wakaiweka simu mezani kati yao, sauti imefunguliwa. Mama Pacha alipokea huku watoto wakigombana nyuma yake.

"Mwanangu," mzee akaanza.

"Baba! Shikamoo. Mbona kwa simu ya Bawaba? Macho vipi?"

"Macho yanaona."

"Jamani, tunashukuru."

"Yanaona vizuri sana." Mzee akakohoa. "Yameona mtu."

"Mtu gani?"

"Hakimu."

Kule upande wa pili sauti ikapanda kwa hofu. "Baba, una kesi? Umegonga mtu? Nilisema mimi, mtu wa macho asitembee peke yake!"

"Sina kesi. Ni mama. Hakimu ni mama. Ninakula naye."

Bawaba alijikaza asitazame popote. Watoto kule nyuma walikuwa wamenyamazishwa. Mama Pacha alipozungumza tena, kila neno lilitoka limepigwa pasi.

"Na wewe Bawaba upo hapo."

"Nipo."

"Si ulikwenda kuuza milango?"

"Ndiyo naiuza."

"Sisi tunaamka alfajiri," akasema, sasa akimwambia baba yake, na sauti ikaanza kutetemeka. "Mimi nimewaamsha hawa watoto wadogo waombee macho ya babu. Mdogo wangu kaacha sukari, ati ni nadhiri. Na wewe unakula na hakimu."

Katika ukaguzi wake wote mzee alikuwa ndiye anayeuliza. Sasa alijibu kwa sauti ndogo.

"Mwanangu, mlikuwa mnaniletea chakula. Kila siku, bakuli lina mfuniko, limefungwa kitambaa. Chakula kizuri. Nilikuwa nakila nimesimama kwenye sinki. Nikimaliza naosha bakuli, nalirudisha. Sikuweza kukaa pale mezani. Kiti cha mama yenu kilikuwa kinanitazama. Huku kuna mtu ananivutia kiti. Ananiuliza, 'Umekionaje?' Na mimi namwambia. Ni hilo tu. Nilipaswa kuwaambia, nikaogopa."

Bawaba, aliyeoa katika nyumba ile na kula pale sikukuu zote, alikumbuka namna walivyokuwa wakilipokea lile bakuli safi na kufurahi kwamba mzee amemaliza. Alijisikia vibaya. Hakuwahi kuuliza.

"Ungetuambia hilo la sinki," Mama Pacha akasema mwishowe, akivuta kamasi. "Huyo mama yuko wapi? Nataka kuongea naye. Mimi mwenyewe, si kwa kuambiwa."

Hakimu aliitwa, akaja na mkoba wake, akaketi mbele ya simu, akawaambia wanaume, "Nyinyi wawili nje."

Wakakaa kwenye ngazi, mmoja juu ya mwenzake, kwa kuwa ngazi ilikuwa nyembamba na kukaa bega kwa bega na mkwe hakufai. Mlango wa chumba ulikuwa wa plaiwudi nyepesi, mtupu ndani. Bawaba alijua kuwa ukibandika sikio karibu na kitasa utasikia kila kitu. Hakumwambia mzee. Walisikia mnong'ono tu, kisha kicheko, na haikujulikana cha nani.

"Unadhani wanacheka nini?" mzee akauliza.

"Nadhani sisi, baba."

"Heri."

Hakimu alitoka poda imefutika chini ya macho. "Binti yako ana akili," akamwambia mzee. "Amenitukana vizuri, akaomba radhi vizuri. Huyo mdogo ndiye hataki hata kusikia. Dada yake alimwunganisha simuni, akakata. Huyo ni wako, utamtafuta mwenyewe." Kisha kwa Bawaba, "Meza umepata. Lakini iliyobaki ni moja tu, ya watu wanne. Na sisi tunakuja."

Hivyo ndivyo Bawaba alivyojikuta jioni hiyo katika mkahawa wa hadhi kuliko yote jijini, akimshawishi mteja mkubwa kuliko wote, mkono wake wa kulia baba mkwe, wa kushoto hakimu. Mama mkandarasi alikuwa mfupi, mnene, mwenye vumbi la saruji kwenye kisigino, na alianza kuuliza maswali kabla hajakaa.

"Milango yako ya kuzuia moto inahimili vipi?"

Bawaba akaeleza habari za kiini cha mlango, tabaka za ubao, na utepe unaovimba ukipata joto ili moshi usipenye. Alieleza vizuri. Ila kila alipoinua kijiko alikutana na macho ya mkwe, akakishusha. Supu ikaletwa ikaondolewa. Samaki akaletwa.

"Mbona huli?" mkandarasi akauliza. "Chakula kina nini?"

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Hujala."

Mzee akaweka uma chini. "Ananionea haya mimi. Nimemzalia mke." Akamgeukia Bawaba kwa sauti ileile iliyowatoa jasho walimu wakuu. "Kula, mwanangu. Mimi mwenyewe nimejifunza hapa juzijuzi tu."

Bawaba akala. Uma aliokamata haukuwa wenyewe, na hakuna aliyesema.

"Umekionaje?" mzee akamwuliza, baada ya muda.

"Kitamu, baba," akasema, na kwa mshangao wake ilikuwa kweli.

Hakimu alitaka kujua dhamana ya milango ni ya namna gani, nani anawajibika kitasa kikikwama mtu akiwa ndani, na kama neno "matengenezo" limefafanuliwa. Bawaba alijibu maswali manane bila wakili. Mkandarasi aliacha kula akawa anamsikiliza hakimu kwa mdomo wazi, na alipomaliza akamwomba kadi yake, kwani alikuwa na ugomvi na mtu wa lifti.

Kuhusu milango, alisema atawapa ya vyoo kwanza, ghorofa zote, aone itakavyokaa. Ya moto wataizungumza baadaye. Bawaba alimpigia mkurugenzi kesho yake kumpa habari.

"Ya vyoo," mkurugenzi akarudia.

"Ghorofa zote."

"Mlikula mahali pa maana?"

"Pa maana sana."

"Uliona aibu?"

"Tangu mlangoni," Bawaba akasema.

Mkurugenzi akaridhika, akakata simu.

Mama Pacha alisafiri kwenda jijini shule zilipofungwa. Yeye na hakimu walikumbatiana mara moja, wakaachiana, wakatazamana viatu, kisha wakaenda sokoni pamoja bila kumshirikisha mtu. Walirudi wamenunua mapazia mepesi ya chumba cha mzee na wamekwisha kubishana mara mbili. Mama Pacha alimwambia mumewe usiku huo kwamba bado hajui kama anampenda yule mama, lakini hawezi kusema uongo, anajua kuchagua kitambaa.

Binti mdogo alichukua muda. Mzee alimpigia kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, akiwa mezani na hakimu pale Mlango Mwekundu, akaiacha simu iite mpaka ikatike yenyewe. Hakuandika ujumbe, hakumtuma dada yake, wala hakumruhusu hakimu aingilie. Jumapili hizo zilipita nyingi. Kisha ikaja moja ambayo simu ilipokelewa. Binti akasema ana kazi, anafua, baba apige baadaye.

"Baadaye saa ngapi?" mzee akauliza.

"Nikimaliza kuanika."

Mzee akaiweka simu mezani taratibu. Akamwambia hakimu, akamwambia mhudumu aliyekuja kuondoa sahani, akawaambia hata watu wa meza ya jirani ambao hakuwajua, kwamba binti yake anafua, na kwamba akimaliza kuanika watazungumza.